Kidato cha Sita cha Tanzania ni kazi ya chuo. Kwa nini hatuihesabu?

Hapa Minnesota, jimbo la Marekani ninakoishi, kijana wa darasa la 11 au 12 anaweza kusoma kozi za chuo akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, na jimbo ndilo linalolipa ada na vitabu. Mpango huu unaitwa PSEO (Postsecondary Enrollment Options). Ulipitishwa kuwa sheria mwaka 1985, enzi za gavana Rudy Perpich, na Minnesota ndiyo iliyotangulia majimbo mengine kwa mpango wa jimbo zima. Kozi moja inahesabiwa mara mbili: inamsaidia kumaliza sekondari, na papo hapo inaingia kwenye kumbukumbu za chuo kama krediti kamili, yaani vipimo vya masomo vinavyojumlishwa hadi kufikia shahada. Shahada ya kwanza Marekani ni krediti 120 hivi. Anayechukua kozi mbili kila muhula kwa miaka miwili anaondoka sekondari na karibu mwaka mzima wa chuo kibindoni, bila deni.

Binti yangu yuko humo. Asubuhi yuko shuleni na wenzake, mchana anapanda basi kwenda chuoni, anakaa darasa moja na kina mama wenye watoto na watu waliotoka zamu ya usiku. Wiki ya kwanza alirudi na silabasi: tarehe za insha zote za muhula, uzito wa kila jaribio, na onyo kwamba kazi iliyochelewa haipokelewi. Mwalimu wa darasa wa kumfuatafuata hayupo. Nilipopiga simu kuulizia maendeleo yake, dada aliyepokea aliniambia kwa adabu kwamba kumbukumbu hizo ni za mwanafunzi, kwa hiyo nilete kwanza idhini yenye sahihi yake. Ana miaka 16! Kwetu Tanzania mzazi anaitwa shuleni hata kwa sababu ya nywele. Liliniuma siku ile, lakini nimeona mtoto anavyojipangia muda wake sasa, na sina cha kulalamika.

Hatari ipo, na wazazi wenzangu wa hapa Minnesota, wa mji wa Brooklyn Park na kwingineko, waijue kabla ya kusaini fomu. Alama ya chuo haifutiki. Akipata F akiwa na miaka 16, inabaki kwenye rekodi yake, na inaweza kumsumbua baadaye anapoomba msaada wa fedha wa serikali. Pia si kila chuo kinapokea krediti za chuo kingine. Vyuo vya umma vya Minnesota vimekubaliana orodha ya masomo ya msingi ambayo mwanafunzi anahama nayo, lakini chuo binafsi cha jimbo lingine kinaweza kuzikataa zote. Ulizeni kwanza, tena kwa maandishi.

Na muulize ninyi, msingoje kuulizwa. Sheria inaitaka shule itoe taarifa za mpango huu, nayo inatoa, ila barua pepe yenyewe inakuja kwa Kiingereza katikati ya matangazo ya picha za shule na ratiba ya chakula. Nyumbani njia ya elimu inajulikana na kila mtu. Matokeo ya NECTA, baraza la mitihani la taifa, yakitoka, mpaka dereva wa bodaboda anajua nani kapata divisheni gani. Huku fursa inapita kimya, na anayeikamata ni mtoto ambaye mzazi wake amezoea kumwandikia kaunsela, mshauri wa wanafunzi shuleni.

Sasa nije nyumbani, maana hili ndilo linalonikera zaidi. Mimi nilisoma PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati. Hisabati ya Kidato cha Tano na Sita ina kalkulasi, milinganyo tofautishi, namba changamano, vekta na uwezekano. Hapa Marekani kijana anayeimudu kalkulasi akiwa sekondari anafanya mtihani wa AP (Advanced Placement), mtihani wa kiwango cha chuo kwa wanafunzi wa sekondari, mwezi Mei, unaosahihishwa kwa alama 1 hadi 5. Akipata 4 au 5, vyuo vingi, hasa vya umma, vinampa krediti na anaruka kozi ya mwanzo. Ada ya mtihani wenyewe haifiki dola 150. Kijana wetu wa Tanzania anayepata A ya Advanced Mathematics, hiyo hisabati ya Kidato cha Sita, anapewa nini? Nafasi ya kuingia chuo, basi. Mwaka wa kwanza anakutana tena na kutafuta eneo chini ya mstari uliopinda, kitu alichokuwa akikifanya usiku bwenini kwa taa ya solar. Na safari hii anakilipia ada, mara nyingi kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo atakaokuja kukatwa kwenye mshahara.

Kuna wanaosema Marekani ni nchi tajiri, tusijilinganishe nayo. Mimi naona umaskini wetu ndio unaotulazimisha kufikiri hivi. Tajiri anaweza kumudu kumfundisha mtu jambo moja mara mbili. Familia iliyouza ng'ombe ili mtoto amalize Kidato cha Sita haiwezi. Tena huyu kijana tayari amengoja: mtihani Mei, matokeo Julai, chuo Oktoba au Novemba. Wengine wanakwenda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), wengine wanakaa nyumbani tu.

Sidai tuhamishie PSEO Tanzania. Shule nyingi ziko mbali na chuo chochote, na walimu wa hisabati hawatoshi hata kwa masomo yaliyopo. Lakini TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, tayari ina utaratibu wa kuhamisha krediti kutoka chuo kimoja hadi kingine, kwa hiyo wazo la kutambua kazi iliyokwisha kufanywa si geni kwao. Chuo kimoja kinaweza kuanza na somo moja. Aliyepata A ya Advanced Mathematics aruhusiwe, wiki ya kwanza ya muhula, kufanya mtihani wa mwisho wa kozi ya kalkulasi ya mwaka wa kwanza. Akifaulu, aandikiwe krediti zake na aingie kozi inayofuata. Akishindwa, anakaa darasani na wenzake kama kawaida.