Shingo nzima tuziache, zilizovimba tuzifuatilie

Altrasaundi siku hizi Dar haisumbui kuipata. Sinza ipo, Mbagala ipo, Kariakoo ndiyo usiseme. Sasa kuna vituo vinatangaza kifurushi cha kupima mwili mzima, shingo ikiwemo, kutafuta saratani ya thairoidi, ile tezi ya mbele ya shingo, hata kwa mtu asiye na uvimbe wala dalili yoyote. Naona hapo tunajitafutia balaa kwa hela zetu wenyewe.

Korea Kusini walishapita huko. Mwaka 1999 serikali ilianza kupima wananchi saratani kadhaa. Ya tezi ya thairoidi haikuwemo, ila hospitali zikawa zinaongezea kipimo cha shingo kwa malipo kidogo. Kufikia 2011, kiwango cha waliogunduliwa kilikuwa mara 15 ya kile cha 1993. Vifo? Vilibaki pale pale. Wengi walikutwa na vivimbe vidogo vya saratani ya aina ya papilari, ile inayokwenda polepole, ambavyo wangezeeka navyo wasijue. Wakatolewa tezi, wakaanza vidonge vya homoni vya maisha, na wengine sauti zikaharibika au kalsiamu ikashuka, maana mshipa wa fahamu wa sauti na vile vitezi vya kalsiamu vimebanana hapo hapo. Wajapani wa hospitali ya Kuma, Kobe, tangu 1993 wanawapa wenye vivimbe vya namna hiyo nafasi ya kuangaliwa tu bila kukatwa, na vingi havikui.

Kwa akina mama hofu ninayoisikia zaidi ni ya Hashimoto, ugonjwa ambao kinga ya mwili inaishambulia tezi mpaka inachoka. Daktari Hakaru Hashimoto aliueleza mwaka 1912. Mwaka 1955 madaktari wa Marekani wakaandika kwamba unaambatana na saratani, na hadi leo ujumbe unazunguka kwenye makundi ya WhatsApp: ukiwa na Hashimoto, saratani iko njiani.

Sikubaliani. Tafiti nyingi zilizoona uhusiano huo zilihesabu watu waliokwishapasuliwa, na mtu hapelekwi kupasuliwa kama tezi yake haijatiliwa shaka. Kwa waliochunguzwa kwa sindano nyembamba tu, ile inayofyonza seli za uvimbe, uhusiano unafifia, pengine hauonekani kabisa. Halafu mwenye Hashimoto hupimwa shingo mara nyingi kuliko jirani yake. Anayetafutwa sana ndiye anayekutwa na kitu. Na tafiti nyingi zinaonyesha wenye vyote viwili saratani yao huwa ya upole zaidi.

Huku kwetu kuna jingine kabisa. Nyanda za Juu Kusini goita, yaani rovu, uvimbe wa tezi hiyo hiyo, ni ya miaka na miaka kwa upungufu wa madini joto, hata baada ya chumvi kuanza kuwekewa madini hayo miaka ya 1990 bado tunaziona. Penye upungufu huo, saratani ya aina ya folikula huwa na fungu kubwa zaidi. Na hiyo sindano haiitambui, kwa sababu seli zake zinafanana na za kivimbe kisicho na madhara. Mpaka nyama iliyotolewa ikatwe vipande maabara, itazamwe kama seli zimetoboa ganda la kivimbe.

Ndiyo maana jibu la maabara la hiyo nyama nalipigia kelele. Mama mdogo alikuja kutoka Makete, huko huko Nyanda za Juu, goita kaificha kwa mtandio. Daktari akasimama nyuma yake, akampa maji, akamwambia ameze polepole huku vidole vikiifuata tezi inavyopanda na kushuka. Uchunguzi wa hali ya juu, bila umeme. Upasuaji ukaenda vizuri. Baada ya hapo maabara wanasema majibu yako wodini, wodini wanasema yako maabara. Yalikuja kuonekana wiki kadhaa baadaye, ndani ya faili la mtu mwingine. Haikuwa saratani, tunashukuru. Lakini ingekuwa?

Na karatasi ikipotea, mtafiti wa Kitanzania atahesabu nini? Atabaki kunukuu shingo za Wakorea. Hela ya kununulia mashine nyingine ya kupima wazima ningeipa maabara za patholojia, zinazozisoma nyama hizo, na karani mmoja wa kutunza majibu.

Ndugu yako akiambiwa atatolewa tezi, uliza kabla hajalazwa: nyama inapelekwa maabara ipi, majibu yanatoka lini, nani atawasomea. Nakala moja ikae nyumbani.