Tanga na usiku wa pili

Kwenye gesti nyingi za Tanga, kabla hujapewa ufunguo unapewa daftari. Ni lile daftari kubwa lililopigwa mistari kwa rula: jina, kabila, kazi, atokako, aendako, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, sahihi. Safari yangu ya mwisho nilifikia Ngamiani, na wakati nikijaza mstari wangu nikapitisha macho kwenye ukurasa mzima. Aendako: Dar, Arusha, Horohoro, Dar, Mombasa, Lushoto, Dar. Karibu kila aliyeingia jioni alikuwa ametoka kesho yake asubuhi. Mmoja tu ndiye aliyelala siku nyingi, na kwenye safu ya kazi aliandika "fundi".

"Waja leo waondoka leo," ndivyo Tanga inavyosemwa tangu zamani. Wenyeji hukufafanulia kwamba maana yake ni kinyume: mgeni huja akiapa kuondoka leo hii, akaonja mapishi, akasikia maneno matamu, mwisho akalowea. Daftari lile lilikuwa linausoma msemo kama ulivyo, neno kwa neno.

Nalisema hili kwa sababu Tanga inajengwa, na kila mwenye kiwanja anajiuliza ajenge nini. Bandari imebadilika. Miaka nenda rudi meli kubwa zilitia nanga zaidi ya kilometa moja na nusu kutoka gatini, shehena ikaletwa nchi kavu kwa matishari; sasa mlango umechimbwa, kina kimefika mita 13 na meli zinafunga gatini. Kaskazini kidogo, kwenye rasi ya Chongoleani, ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, kilometa 1,443. Wageni wa kazi wamekuwa wengi: madereva wa malori, mawakala wa forodha, wachomeleaji, wahandisi. Vyumba vimefuata.

Wanaosema tuendelee hivyo hivyo wana hoja nzito, na sipendi kuona inabezwa. Mgeni wa bandari hategemei msimu. Hahitaji kutangaziwa ufukwe. Ameletwa na mzigo wake. Akilipiwa na kampuni, mwenye gesti ana uhakika wa mwezi mzima. Mtalii ni ndege wa mtini. Februari 2015 askari walipopambana na watu wenye silaha katika eneo la mapango ya Amboni, habari ile moja ilitosha kuitia hofu safari ya mtu aliye mbali. Mwaka 2020 corona ikatufundisha kwamba hoteli za kitalii zinaweza kufungwa dunia nzima kwa pamoja, lakini malori hayakuacha kutembea. Mama mwenye gesti ya vyumba vinane, aliyejenga kwa mkopo na mchezo wa kupeana, nani amlaumu akichagua dereva wa lori badala ya Mjerumani ambaye huenda akaja Agosti?

Ila hoja hii ina tundu, nalo liko kwenye lile neno "fundi". Bomba linajengwa mara moja. Wanaolilaza ardhini na kusimamisha matangi ni maelfu. Wanaobaki kuliendesha ni wachache. Bandari nayo, kadiri inavyotumia mashine na kompyuta, ndivyo mzigo unavyopita haraka, na dereva ambaye jana alilala siku tatu akisubiri kupakia kesho hatalala hata moja. Bandari nzuri ni ile isiyomchelewesha mtu. Kwa hiyo mwenye gesti anayetegemea ucheleweshaji wa bandari amejenga juu ya kitu ambacho mji wote unaomba kiondoke.

Upande wa pili wako wanaosema dawa ni hoteli kubwa: ghorofa, bwawa la kuogelea, kumbi za mikutano, huko Raskazone. Nao nawasikiliza. Ni kweli mkutano wa watu mia tano hauwezi kulala wote kwenye gesti za Barabara ya Kumi na Mbili. Ni kweli pia mtu akitoka Dar, kilometa kama 350 kwa basi, akateremka stendi ya Kange amechoka, anataka maji ya uhakika na neti isiyo na matundu. Lakini hoteli kubwa haimpi mgeni sababu ya kulala usiku wa pili. Inampa mto laini wa usiku ule ule mmoja.

Nilimwuliza mama wa pale nilipofikia: "Mama, mgeni akikuuliza jioni hii aende wapi, unamwambiaje?"

Akafikiri kidogo. "Namwambia apumzike, mwanangu. Amechoka na safari."

Jibu lile limenikaa kichwani, maana alilitoa kwa huruma ya kweli. Na mji anaoishi una vitu ambavyo miji mingine ingevililia. Mapango ya Amboni yako kilometa 8 tu kutoka mjini, kando ya njia ya Horohoro, mpakani na Kenya. Unaingia na kiongozi mwenye tochi. Anaimulika chokaa anakuonyesha umbo la ndege, sofa, mlima Kilimanjaro. Kuna mahali unapita kwa kutambaa, popo wakilalamika juu ya kichwa. Kisha unafika kwenye mzimu wa Mabavu, ambako watu hadi leo huacha chupa za marashi, sarafu na vitambaa, na kiongozi, aliyekuwa akizungumza kwa sauti, anashusha sauti bila kuambiwa. Utasimuliwa kwamba pango linatokea Mombasa, au Kilimanjaro. Upimaji wa mwaka 1994 ulionyesha kwamba pango refu kuliko yote halifiki kilometa moja, lakini simulizi yenyewe ni mali, na ya Osale Otango, mtu aliyesakwa na serikali ya mkoloni akajificha humo, ni mali zaidi. Karibu na hapo kuna chemchemi ya maji moto ya Galanos, inayonuka kiberiti.

Sasa hesabu saa. Mapango asubuhi, umemaliza adhuhuri. Mchana ungekuwa wa Boma la zamani la Wajerumani, ambamo taasisi ya Urithi imeweka makumbusho, na wa makaburi ya vita ya Novemba 1914. Waingereza walishusha hapa askari wapatao 8,000, wengi wao Wahindi, wakarudishwa baharini na kikosi kidogo cha kamanda wa Kijerumani, von Lettow-Vorbeck, ambacho sehemu kubwa yake walikuwa askari Waafrika. Nyuki waliotibuliwa na risasi wakawamaliza nguvu waliobaki. Kesho yake asubuhi ungevuka kwenda Toten, kisiwa kinachoonekana mkabala na mji, chenye magofu na makaburi. Au ungeteremka kusini: Machui, alikozikwa Shaaban Robert mwaka 1962, kisha Tongoni, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya karne nyingi zilizopita. Hizo ni siku mbili kamili, na bado hujagusa Pangani wala Amani.

Lakini mgeni asiye na mwenyeji hazioni siku hizo mbili. Kila kivutio kiko peke yake, na bajaji ya kukiunganisha na kingine utaipata kwa kupatana njia nzima. Kwenda Toten unatafuta mvuvi. Kwa Shaaban Robert unaulizia. Mtu mzima anaenda kulizuru kaburi la bingwa wa lugha ya watu milioni mia na ushee, anauliza njia kwenye kijiwe cha bodaboda! Na jua likizama hakuna kinachomzuia asirudi chumbani, wakati huu ndio mji wa vikundi vya Black Star na Lucky Star, mji uliofundisha pwani nzima taarabu ya magitaa, mji wa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Wapo wazee waliopiga vyombo hivyo na vijana wanaoweza kujifunza kwao. Ukumbi mmoja, Ijumaa na Jumamosi, pweza na mihogo ya nazi mlangoni, ungejaza vyumba vingi kuliko ghorofa jipya.

Ndiyo maana naegemea kwa wale wasiosikika sana, wanaosema vitanda vinatosha kwa sasa. Fedha ya halmashauri iende kwenye boti ya ratiba, mabango, choo safi kila kituo, na mafunzo kwa wapokezi wa gesti ili nao wajue cha kumjibu mgeni. Mgeni wa kazi naye ana Jumapili yake. Yule fundi wa kwenye daftari amekaa Tanga wiki nzima, na sidhani kama kuna mtu aliyemwambia kwamba Amboni ni mwendo wa dakika chache.

Nina wasiwasi mmoja na upande wangu mwenyewe, na ni mzito. Utalii ukishika, ufukwe hupanda bei. Tumeona kwingine pwani hii jinsi uzio unavyoanza kwa hoteli moja, kisha ya pili, mpaka mtoto wa hapo hapo anahitaji ruhusa kuigusa bahari. Raskazone, Jumapili alasiri, vijana wa Ngamiani bado wanashuka majini kwa njia ya mchanga iliyo kati ya viwanja, baiskeli zao zimelazwa juu ya mizizi ya miti. Njia hiyo ichorwe kwenye ramani ya mipango miji na kupewa upana wake rasmi, kabla viwanja vya pande zake mbili havijapata hati.