Rufiji: njaa inaletwa na mafuriko, au na mto usiopanda?

Kila masika mto Rufiji ukifurika utasikia watu wa mjini wanauliza, hivi hawa jamaa si wahame tu bondeni? Bibi yangu kalima kule maisha yake yote na swali hilo lilikuwa linamchekesha, maana kwake mwaka wa njaa ulikuwa ule ambao mto haukupanda.

Iko hivi. Mpunga unaingia shambani Desemba au Januari, unatakiwa uwe umeshasimama kabla mto haujajaa Machi, Aprili. Maji yakiwahi mpunga unazama, yakizidi pia umekwisha, ila yakishuka yanaacha tope na hapo ndo unapanda mlau, yaani kilimo cha kwenye tope la mafuriko, mahindi, kunde, maboga, bila mbolea ya dukani hata kiganja. Bibi alikuwa anakanyaga lile tope kwa kisigino, likibonyea bila kummeza mguu anasema haya mjukuu wangu, kesho mbegu. Kwahiyo mafuriko yaleyale yaliyobeba mpunga ndo yanakuja kulipa deni kwa mlau, na maziwa ya pembeni kama Zumbi na Ruwe yanapata samaki wapya.

Sasa tusiwaonee serikali. 1968 maji yalikuja makubwa, na watu wametawanyika bondeni kwenye madungu yao, vile vibanda vya juu ya nguzo shambani, shule unaijenga wapi, zahanati unaiweka wapi? Ndo watu wakahamishiwa vijiji vya juu kwenye operesheni ya 1968/69. Watoto walisoma, hilo silibezi. Lakini mtu akawa juu na shamba likabaki chini, na mpunga wa Rufiji usiolindwa usiku ni wa nguruwe na viboko, mchana ndege na ngedere wanamalizia, mtu anatembea masaa anafika anakuta mabua. Kwa hesabu yangu mafuriko yalikuwa yanaharibu mwaka mmoja mmoja, umbali ukawa unaharibu kila mwaka. Ndo maana wengi msimu ukifika walirudi zao kwenye dungu.

Alafu kwenye mto huohuo likaja bwawa la umeme la Julius Nyerere, megawati 2,115, likaanza kujazwa Desemba 2022, na moja ya ahadi ilikuwa kupunguza mafuriko. 2024 Rufiji na Kibiti wakalala majini, Mohoro nayo imo. Wananchi wanasema tumefunguliwa maji, serikali inasema ni mvua za El Nino na bila bwawa ingekuwa balaa zaidi. Mi sioni kama hizo kauli zinapingana saana, bwawa likishajaa na mvua bado inapiga, maji lazima yapite, na aliyezamishiwa mpunga hana faida na kuambiwa ingekuwa mbaya zaidi.

Ila presha yangu mi iko kwenye miaka ya kawaida, ile isiyotoka kwenye taarifa ya habari. Bwawa likituliza mto sawasawa mwaka mzima, umeme utakuwepo na hakuna atakayezama, lakini tope litabaki nyuma ya ukuta na mlau utapandwa kwenye nini? Ningekuwa na sauti ningeomba mageti yaachie maji ya kiasi mwezi wa nne, yapande bondeni yashuke, na vijiji viambiwe wiki moja kabla, kwa kipaza sauti cha msikitini ikibidi, mtu apate muda wa kuteremsha mkeka na kuku kutoka kwenye dungu.