Mimi, Mume wa Nesi

Jamani, nani aliwadanganya kwamba nyumba ya nesi ina pesa? Nitajieni huyo mtu nikamdai kodi, maana mwenye nyumba wangu ni mmoja wa waliomwamini. Tukichelewa kulipa, anacheka: "Bwana wee, mkeo yuko serikalini, hizo pesa mnazificha wapi?"

Na mtaa nao! Hodi za usiku haziishi. "Mama Salim, mtoto ana homa." "Mama Salim, nipime presha." Mzee mmoja alinigongea usiku wa manane kuuliza kama dawa yake ya sukari yaweza kufuatana na pilau, na pilau yenyewe ameshaila. Wala hawaji kwa ubaya. Wanaamini hospitali inahamia kwangu polepole, kidonge kwa kidonge, ndani ya mkoba wa Mama Salim.

Laiti wangejua mkoba ule unaelekea upande gani! Vitu haviji kwangu, vinatoka kwangu. Asubuhi namwona anavyofungasha: kalamu, daftari, sabuni (ile ninayoogea mimi), na glavu alizonunua kwa pesa zake duka la dawa. Wodini zimekwisha, na mtoto akishaamua kuzaliwa hangoji lori la dawa lifike. Hata tochi yangu ya kuchaji, niliyoinunua makusudi kwa safari za chooni stima ikipotea, sasa iko leba. Naambiwa imeshasaidia kina mama wengi kujifungua. Hongera zake. Mimi huku najikwaa kwenye ndoo.

Mshahara je? Tangu Kenya iitoe afya serikali kuu na kuipeleka kaunti mwaka 2013, nimesomea ugatuzi huo kuliko maseneta. Mwezi ukiisha, kaunti inasema Nairobi haijatuma mgao. Nairobi inasema kaunti ieleze kwanza mgao uliopita ulikwenda wapi. Magavana wanatishia kufunga ofisi, Hazina inalia mapato ni haba. Mimi nawasikiliza wote redioni, na muuza maziwa yuko mlangoni, hasikilizi yeyote kati yao.

Siku pesa zikiingia, SHA, wale wa bima ya afya ya serikali, wameshachota asilimia 2.75 yao. Hebu tulizeni akili hapa. Nesi analipia bima ili akiugua atibiwe kwenye hospitali ambayo glavu amenunua yeye. Hesabu hii nilimuuliza mwalimu wa mwanangu, akasema ana kikao.

Ati vifaa hakuna? Vifaa vipo! Mwaka 2015 serikali ilikodi mashine kubwakubwa, za picha za eksirei, za kusafisha figo, kila kaunti hospitali mbili. Kuna mahali mashine ilifika, mtu wa kuiwasha hajafika. Kwingine stima ndiyo haikutosha. Mashine ikakaa na plastiki yake kama sofa la shangazi, na kodi ikalipwa.

Jirani yangu yeye ni mhudumu wa afya ya jamii. Anazunguka nyumba kwa nyumba na begi la serikali mgongoni, jua la Pwani mnalijua, kwa shilingi 5,000 kwa mwezi. Na hizo 5,000 zinachangwa na serikali mbili! Ya kitaifa 2,500, ya kaunti 2,500. Moja ikisahau, mwenzangu ananijia kukopa. Kwa mume wa nesi! Si nilisema mtaa huu umedanganywa?

Halafu wauguzi na madaktari wakigoma wanaambiwa hawana huruma. Mwaka 2017 wauguzi waligoma tangu Juni hadi Novemba. Nikajua sasa nitalala. Wapi! Hodi ziliongezeka, kwa kuwa wagonjwa walishajua nesi yuko nyumbani mchana kutwa. Nchi nzima mgomo, sebuleni kwangu kliniki, tena ya bure na chai juu. Mwaka 2024 zamu ikawa ya madaktari, siku 56, kisa kimojawapo wanagenzi wao kuambiwa wapokee shilingi 70,000 badala ya 206,000 walizoandikiwana mwaka 2017. Marais wa Afrika nao waliahidiana Abuja, mwaka 2001, kwamba asilimia 15 ya bajeti itakwenda kwa afya. Sisi bado tunaingojea. Aliyezaliwa mwaka ule ana ndevu.

Sasa Mama Salim anataka Uingereza. Kenya na Uingereza zilitia sahihi mkataba wa wauguzi mwaka 2021, anayepita mtihani wa Kiingereza aende. Mwaka huohuo waziri akatangaza kwamba kati ya 300 waliofanya, waliopita ni 10. Watu waliosomea sindano kwa Kiingereza! Basi kila usiku nageuzwa mgonjwa wa mazoezi. Nalazwa kwenye kochi, naulizwa maumivu yalianza lini. Nikijibu yalianza tarehe ya mshahara, ananifokea, ati mgonjwa wa Uingereza hajibu hivyo. Juzi jirani alichungulia dirishani, akaniona nimelala napapaswa tumbo. Akarudi na wanawe, akauliza nani wa mwisho kwenye foleni.

Mimi sina kinyongo, aende. Nimemwambia kitu kimoja tu: kabla ya kwenda uwanja wa ndege, apitie leba aniletee tochi yangu. Ameniangalia weee, kisha akauliza kama chaja yake bado ninayo. Wodi ya watoto wanaiulizia.