Halloween na Samhain: Je, Mzizi ni Mmoja?

Kila unapokaribia usiku wa tarehe 31 Oktoba, husikika kauli kwamba Halloween, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, si chochote ila Samhain (hutamkwa "sawin"), sikukuu ya Wakelti, wakazi wa kale wa Ayalandi na Uskoti, iliyovikwa kanzu ya Kikristo. Wapo wanaoisema kwa fahari, na wapo wanaoisema ili kuwaonya waumini. Naona wote wanajenga juu ya ushahidi mwembamba kuliko wanavyodhani.

Kwamba Samhain ilikuwepo, hilo halina ubishi. Maandiko ya Ayalandi ya zama za kati yanaitaja kuwa mlango wa majira ya baridi, wakati wa karamu na mabaraza. Katika hadithi ya Nera, usiku huo huo, mfalme Ailill wa Cruachan anaahidi zawadi kwa atakayethubutu kutoka nje kwenye giza na kumfunga ufito mguuni mmoja wa mateka walionyongwa. Nera anakwenda, na maiti inamwomba aibebe mgongoni ikanywe maji, kwa kuwa ilinyongwa ikiwa na kiu. Aliyesoma kisa hicho hawezi kudai kwamba hofu ya usiku huo ilibuniwa na wafanyabiashara wa Marekani.

Hata hivyo, waliotuandikia hayo walikuwa watawa wa Kikristo, karne nyingi baada ya Ayalandi kubatizwa. Tena, dai kwamba Kanisa liliweka Sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba ili kuimeza Samhain linakwama penye kalenda. Mnamo mwaka 800 hivi, Félire Óengusso, orodha ya watakatifu iliyotungwa Ayalandi kwenyewe, iliiweka sikukuu hiyo tarehe 20 Aprili, ilhali tarehe ya Novemba ilikwisha kushika mizizi Uingereza na katika nchi za Wajerumani. Kumbukumbu ya Marehemu Wote, ya tarehe 2 Novemba, nayo ilienezwa na Odilo, abati wa Cluny, Ufaransa, karibu na mwaka 1000. Kwa hiyo mwanahistoria Ronald Hutton ana haki ya kutaka tahadhari.

Lakini wanaomfuata wakahitimisha kwamba kila kitu ni cha Kanisa wanaruka swali zito. Poland huadhimisha siku hizo hizo kwa kuwasha mishumaa makaburini, na Wakatoliki wa Tanzania huombea marehemu wao makaburini. Mbona mioto ya vilimani, ramli za ndoa na vijana waliojificha nyuso wakipita nyumba kwa nyumba vilishamiri zaidi Ayalandi na Uskoti? Kwangu hapo ndipo hoja ya Samhain inaposimama imara, kuliko katika habari za makuhani wa kale wa Wakelti ambao hawakutuachia maandishi.

Katika jumba la makumbusho la Turlough, Mayo, huko Ayalandi, ipo nakala ya plasta ya taa ya Halloween ya turnipu (mboga ya mzizi) iliyochongwa Fintown, Donegal, mwanzoni mwa karne ya 20: uso mdogo uliokunjamana, macho matupu, meno wazi. Walioichonga, yamkini wakulima Wakatoliki, hawakuhitaji kuchagua kati ya watakatifu na giza lililokuwa nje ya mlango wao.