San Andreas bado iko juu ya GTA IV
Kuna mwandishi kasema GTA IV, gemu ya Grand Theft Auto ya 2008, imeizidi San Andreas, gemu ya mfululizo huohuo ya 2004, kila idara, hapana kaka hapo nakataa kabisa. Grafiksi sawa, na stori ya Niko, mhusika mkuu wa IV, nzito inagusa, lakini San Andreas unapewa miji mitatu na mashamba na jangwa katikati, CJ unayemchezesha akila sana ananenepa akienda jimu anajaza mwili, unarusha ndege unaruka na parashuti, IV ikaja ikavitoa vyote hivyo ikatuachia mji wa Liberty City na helikopta. Huku Mtwara kwenye vibanda vya gemu madogo bado wanasubiriana zamu ya San Andreas, sio ushamba, wanapenda ule uhuru. Gari za IV ndo nazikubali, zina uzito, ukikata kona unausikia.