Memori Kadi Haisomeki, na Mji Mzima Unataka Kuifomati

Naomba kutangaza, kwa utulivu unaomstahili mtu wa umri wangu, kwamba yeyote atakayenitamkia tena neno "fomati" hapa Tanga nitamnunia mpaka Idi. Memori kadi iliyobeba ukoo mzima, pamoja na zile picha za albamu tulizozipiga upya kwa simu kabla mchwa hawajazimaliza, imeamka haisomeki, na simu, bila haya, inaniuliza kama ningependa kufuta kila kitu ili tuanze upya.

Jirani alishauri niianike juani. Shemeji aliizika kwenye mchele, ingawa haikuwahi kulowa, tukaitafuta kwa ungo.

Nikaenda kwa fundi simu Ngamiani. Kijana mwenye adabu, lazima niseme.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba."

Akaipokea kadi, akaipuliza kama chai ya rangi, akaifuta kwa upindo wa fulana, akaichomeka kwenye kompyuta yake iliyojaa vumbi la Barabara zote za Ngamiani kwa namba zake. Kompyuta ikaiona na ukubwa wake ikautaja, jambo lililonipa moyo, kwani kadi isiyoonekana kabisa programu haiwezi kuisaidia.

"Niifomati, mzee?"

Nikamweleza, kwa sauti ya hotuba, kwamba kufomati kwa haraka hufuta orodha inayoonyesha kila faili lilipo, na kwamba picha zenyewe hubaki mahali pake mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa hiyo busara ni kunakili kadi nzima kwanza, halafu kuhangaika na nakala, huku kadi yenyewe haiguswi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kwa heshima, na wateja wawili waliokuwa wakisubiri vioo nao wakatikisa vichwa.

"Nimekuelewa, mzee wangu. Sasa niifomati?"

Nikarudia. Akakubali. Kisha akasema basi ajaribu kuweka nyimbo kidogo ili tujue kama kadi ni nzima. Nyimbo! Juu ya marehemu bibi yangu! Hapo heshima zangu zote zilianguka; nilipiga ukelele, nikaichomoa kadi kwa mkono wangu, na mmoja wa wale wateja akaniuliza, kwa upole kabisa, kama mzee nimekunywa dawa.

Mwishowe mpwa wangu alinakili kadi nyumbani na kuipitishia nakala PhotoRec, programu ya bure ya Christophe Grenier, ambayo haishughuliki na orodha iliyoharibika bali husaka alama za mwanzo wa faili. Picha ya aina ya JPEG huanza na baiti FF D8 FF, baiti zikiwa ndivyo vipande vidogo vya data vinavyounda faili. Majina ya awali hayarudi, hivyo ukoo wangu sasa unaitwa herufi f na msururu wa tarakimu.

Yametoka maua ya "asubuhi njema" ambayo sikuyataka hata yalipotumwa. Zimetoka risiti za luku na vidole gumba kadhaa. Bibi naye ametoka, alhamdulillahi, amejipamba kwenda kuwasikiliza Black Star, wale wa taarabu wa hapa Tanga. Shangazi ametoka nusu: juu safi, kuanzia kiunoni ni kijivu kitupu, kwa kuwa sehemu ile ya faili imeharibika. Nimemweleza habari ya baiti. Hataki. Anasema nusu ya chini nimeificha makusudi, kwa sababu ndiyo yenye ile kanga anayodai mama yangu aliazima na hakuirudisha, na amekwisha kumpigia simu shangazi wa Pangani aje kutoa ushahidi.